Waya Uliolegea

Jumatatu, 3 Februari 1997

Pancha nne kabla ya saa nne. Cheni moja imekatika. Mvua bado. Vumbi la barabarani limeingia hata kwenye chai.

Mchana lori la kanisa limeshusha baiskeli kumi na mbili mbele ya kibanda changu. Mpya, bado zimefungwa makaratasi. Ni za wahudumu wa afya wa vijijini, wote akina mama. Mzee Oloo, mwenyekiti wa kamati, anataka ziwe zimeunganishwa kufikia Jumatano. Si zile nyeusi nzito nilizozoea, zenye breki za fito za chuma. Hizi breki zake ni za waya. Nimemaliza mbili. Nyepesi, nzuri. Nimeona wivu. Yangu ina miaka kumi na saba na inalia kama mlango.

Jumatano, 5 Februari

Wenyewe wamekuja kuchukua. Kelele, vicheko. Wengi wamejifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule mwezi uliopita, wengine bado wanayumba. Barabara yote imesimama kuwatazama.

Mmoja wao ni Penina, Mama Achieng', mkunga wa upande wa Macalder. Namfahamu. Ndiye aliyempokea Robi wetu mwaka juzi, mke wangu Gati aliposhikwa na uchungu hapa hapa sokoni na gari la hospitali likakwama ng'ambo ya mto. Mwanamke mfupi. Mikono yake ni midogo kama ya msichana wa darasa la tatu. Ameshika usukani, akanyoosha vidole. Vimeishia ncha ya kile chuma cha kubana breki. Hawezi kukivuta.

"Fundi, hii imetengenezewa wanaume," akasema.

Nikamwambia atazoea. Wanaume waliokuwa wakingoja baiskeli zao wakacheka. Nikacheka nao.

Jumatatu, 10 Februari

Penina amerudi. Saa tatu, wakati mbaya kabisa, watu wamejaa. Anasema akiwa kwenye mteremko inabidi aachie usukani ili vidole vifikie breki. Anaendesha kwa kiganja. Ameteleza mara mbili. Ana mama wanne wanaotarajia kujifungua mwezi huu, na mmoja anakaa mbali, ng'ambo ya kijito.

Nilitaka kumrudisha. Hakuondoka. Alisimama pale na baiskeli yake hadi nikaona haya.

Nikaichunguza. Kumbe pale chuma cha breki kinapoungana na usukani kuna skurubu ndogo. Ukiikaza, chuma kinasogea karibu na vidole. Sikuwa nimeiona. Nimeikaza pande zote mbili, akajaribu, vidole vikazunguka chuma vizuri kabisa. Alifurahi. Alishika na kuachia, akashika na kuachia.

Lakini chuma kikisogea, waya nao unavutwa, na raba za breki zinasogea kwenye rimu. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kidogo, tangu alipoteleza. Raba zikawa zinalisugua. Dawa yake ni kunyoosha spoki, moja moja. Kazi ya nusu saa. Watu walikuwa wananiita kutoka kila upande. Nikalegeza waya badala yake, na wa nyuma nao kidogo. Gurudumu likazunguka bila kelele. Nikainua baiskeli, nikabana kwa mkono wangu, likasimama.

Nikamwambia, "Tayari."

Nilijua haijakaa sawa. Nilisema moyoni atarudi wiki ijayo, nitalinyoosha gurudumu.

Ijumaa, 14 Februari

Penina ameanguka.

Nimesikia kwa mama anayeuza dagaa wa omena karibu na stendi. Ilikuwa jana asubuhi. Ameitwa kwa yule mama wa ng'ambo ya kijito, uchungu umeanza. Kwenye mteremko wa kushuka kijitoni baiskeli haikusimama. Ameingia kwenye mawe ya daraja. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika vibaya, meno mawili ya mbele yametoka. Wamempeleka Homa Bay, dada yake anakaa huko na kuna daktari wa mifupa.

Mtoto wa yule mama amezaliwa salama. Bibi yake ndiye aliyempokea.

Sikumaliza kazi. Nimefunga kibanda saa nane nikasema naumwa kichwa.

Jumapili, 16 Februari

Mume wa Penina ameleta baiskeli. Ouko, mtu wa machimbo, mpole, mikono yake bado ina udongo mwekundu. Anasema, "Fundi, itengeneze tu, tutaona mbele." Hakuuliza chochote. Ameiegemeza ukutani akaenda.

Nilingoja apotee. Kisha nikabana breki ya mbele, magurudumu yakiwa chini, si hewani kama siku ile, nikaisukuma kwa kifua.

Chuma kiligusa usukani na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Nikabana tena. Vilevile. Breki ya nyuma nayo ilishika kidogo sana.

Basi ni hivyo. Ni mimi.

Sasa naandika nililolifanya baada ya hapo, kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Nilichukua spana, nikakaza nyaya zote mbili. Nikanyoosha gurudumu, spoki moja moja. Nusu saa. Nilipomaliza breki ilishika kama meno. Nimeifanya leo ile kazi niliyoikataa Jumatatu, na nimeifanya ili mtu asione.

Jumanne, 18 Februari

Watu wanasema alikuwa anakimbiza. Watu wanasema alikuwa amebeba mfuko mkubwa. Watu wanasema mwanamke na baiskeli wapi na wapi. Ninapiga pampu na kunyamaza.

Alhamisi, 20 Februari

Mkutano wa kamati, chini ya bati la kanisa. Nimeitwa kama fundi.

Mzee Oloo ameniuliza mbele ya watu wote. "Fundi Chacha, wewe ndiye unajua hizi vitu. Breki ya huyu mama ilikuwa na shida?"

Nilisema, "Breki iko sawa, jaduong', mzee wangu. Mtu yeyote aje ajaribu."

Sikusema uongo. Breki *iko* sawa. Nimeyageuza maneno haya tangu nitoke pale na hayakubali kukaa vizuri.

Mzee mmoja akasema basi tatizo ni mwendeshaji. Mwingine akasema mikono ya wanawake haina nguvu za breki, hata fundi amethibitisha. Fundi amethibitisha! Akina mama walikuwa wamekaa upande wao, kumi na mmoja. Mmoja wao, Rose, alinyoosha mkono aseme, hawakumpa nafasi. Aliniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Kamati imekata shauri. Baiskeli zirudishwe, wapewe wanaume "watakaowabeba wahudumu inapohitajika".

Jumamosi, 22 Februari

Sabato, kanisani. Nimekaa benchi la nyuma. Wimbo wa kwanza nimeshindwa kufungua mdomo. Gati akanigusa bega. Nikasingizia koo.

Jumanne, 25 Februari

Akina mama wamepita na baiskeli zao wakizisukuma, hawakuzipanda. Nimehesabu kumi na moja. Zote zimepelekwa kwa Mzee Oloo. Ya Penina bado iko hapa kwangu, ukutani, nimeifunika gunia. Hakuna aliyeikumbuka.

Rose alipita bila kunisalimu. Sijui anajua nini. Labda hajui chochote, labda amechoka tu. Kutoka hapa hadi kijiji chake ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia Gati. Mchana, alikuwa anachambua wimbi nyuma ya nyumba. Nimemwambia yote, skurubu, waya, gunia, mkutano.

Hakunikatiza. Vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza alipeta ungo mara moja. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Mkono gani?"

Nikasema wa kulia.

"Ule ndio aliouingiza kumgeuza Robi," akasema. "Mkono mkubwa usingepita."

Nilikuwa sijui hilo. Siku ile nilikuwa nje, nimeambiwa tu mtoto amefika. Miaka miwili Gati hakuwahi kuniambia jinsi ilivyokuwa.

Akapeta wimbi tena. Akasema Jumapili niende Homa Bay, nibebe maziwa.

Jumapili, 2 Machi

Homa Bay. Joto, harufu ya samaki hadi kwenye geti la hospitali. Nimefika saa tano. Amelazwa wodi ya mwisho, karibu na dirisha, unaona ziwa kidogo kati ya mapaa mawili. Mkono umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Midomo bado imevimba. Dada yake alikuwapo, akapokea maziwa, akatuacha.

Alinisalimu vizuri. Akauliza habari za Robi. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza.

Kisha akaanza yeye mwenyewe kusimulia, kabla sijasema kitu. Anaongea polepole kwa sababu ya meno. "Nilibana, Fundi. Nilibana mpaka chuma ikagusa usukani. Nikasema, hii mikono yangu, hata ikiletewa breki karibu bado haina nguvu. Nililaumu mikono yangu njia yote mpaka kwa mawe."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nimemwambia gurudumu lilikuwa limepinda, nimelegeza waya kwa haraka, nikasema tayari nikijua si tayari. Nimemwambia nilivyokaza waya Jumapili ile. Nimemwambia maneno niliyoyasema mbele ya kamati.

Aligeuza uso dirishani. Kitanda cha pili mtoto alikuwa analia na mama yake anamwimbia.

"Umewaambia?" akauliza.

"Bado."

"Baiskeli za wenzangu ziko wapi?"

Nikamwambia.

Hapo ndipo alikasirika. Hakupaza sauti. "Kwa hivyo mimi niko hapa, na wale wanatembea kwa miguu, na wewe umekuja na maziwa. Umekuja kwangu kutafuta nini, Fundi?"

Nilikuwa nimekwenda kutafuta msamaha, huo ndio ukweli, na nilitaka kuupata Homa Bay, mahali hakuna anayenijua.

Akasema, "Nenda. Sitaki kukuona mpaka umesema."

Dada yake amenisindikiza hadi getini. Ameniambia daktari hana hakika kama kifundo kitakunja tena.

Jumatatu, 3 Machi

Nilikwenda kwa Mzee Oloo asubuhi. Hayupo, ameenda mazishini Rongo. Nikafurahi kwamba hayupo. Kisha nikachukia kwamba nimefurahi.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema.

Kamati ilikuwa imekutana kwa mambo mengine, paa la kanisa. Niliomba dakika moja nje ya orodha. Nilikuwa nimevaa shati la Sabato. Akina mama hawakuwapo, hawaitwi tena. Nikaomba waitwe walio karibu. Mzee Oloo hakupenda. Nikasema sitaongea bila wao. Wamekuja watatu, Rose akiwa mmoja, na majirani wakasimama mlangoni.

Nimebeba baiskeli ya Penina. Niliurudisha waya kama ulivyokuwa siku ile, nikamwita Mzee Oloo mwenyewe abane breki kwa nguvu zake zote nami niisukume. Ana mikono kama majembe. Alibana hadi chuma kikagusa usukani. Nikasukuma, gurudumu likazunguka.

Nikasema, "Mnaona. Hakuna mkono ungeisimamisha. Mimi ndiye niliyeilegeza. Na baada ya ajali niliikaza ili msione."

Kelele zote kwa pamoja. Mmoja akaniita muuaji. Ouko alikuwa mlangoni. Sikujua yupo. Alipita katikati ya watu, nikadhani atanipiga, na ningemwacha. Alinitazama tu. "Nilikuletea baiskeli kwa mikono yangu, ukaipokea kama hujui kitu," akasema. Akaondoka. Afadhali angenipiga.

Mzee Oloo alinivuta pembeni. "Unajua umejiharibia jina?" Nikasema najua. "Ungenyamaza, mambo yalikuwa yamepoa." Nikamwambia nilinyamaza wiki mbili na yalizidi kuchemka. Akanitazama kama mtu asiyenielewa.

Rose alisimama akadai baiskeli zao. Mara hii walimsikiliza.

Jumatatu, 10 Machi

Zimerudi sita tu. Tano haziwezi kupatikana. Mbili ziko kwa ndugu za wazee wa kamati, wanasema zimeshavunjika. Mbili hakuna anayesema. Moja inasemekana imevuka mpaka wa Sirari, iko Tanzania. Ningesema siku ile ya mkutano wa kwanza, zote zingekuwa bado mikononi mwa wenyewe. Siku kumi na tatu tu. Muda huo ndio ulitosha.

Wateja wamepungua. Watu wa boda boda wamehamia kwa fundi wa upande wa daraja. Siwalaumu. Hata mimi nisingempelekea fundi kama mimi baiskeli.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wamekuja wale akina mama sita. Niliwaomba waje mmoja mmoja, siku ambayo kibanda kitakuwa kimya. Sasa kiko kimya kila siku.

Kila mmoja nimemkalisha juu ya tandiko, ashike usukani kama anavyoshika akiendesha. Nimetazama vidole. Hakuna wawili walio sawa. Mmoja ana vidole vifupi na vinene, mwingine kidole cha kati kilikatwa na panga akiwa mtoto. Nimenyoosha magurudumu kwanza, yote, mpaka raba zinakaribia rimu bila kuigusa. Ndipo nikasogeza chuma, ndipo nikakaza waya. Sikubana mimi. Wamebana wao. Kisha nikamwambia kila mmoja apande, nikamsukuma kutoka juu ya kilima cha soko, nikakimbia pembeni yake hadi chini, na akabana wakati nilipomwambia.

Mara sita. Miguu inauma.

Mama wa kidole kilichokatwa alisimama chini ya kilima, akashuka, akaitazama breki. Akaniuliza, "Kwa hivyo hii yote ilikuwa inawezekana tangu mwanzo?"

Ndiyo. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Jumanne, 8 Aprili

Penina amerudi nyumbani tangu Alhamisi. Leo amekuja kibandani, dada yake akiwa naye. Mvua imeanza, walikuwa na matope hadi magotini.

Plasta imetolewa. Mkono umekonda, ngozi kama ya mtu mwingine. Kifundo hakikunji. Alinionyesha bila mimi kuuliza. Vidole vinacheza vizuri, lakini kiganja kinabaki kimenyooka kama ubao. Daktari amesema ndivyo kitakavyokuwa.

Nilimwambia baiskeli yake iko tayari. Neno hilo lilinitoka kabla sijalizuia.

Hakunicheka wala hakunisuta. Alisema, "Mpe Rose. Yake ilipotea. Mimi siwezi tena, hii mkono haishiki."

Nikamwuliza kuhusu kazi yake. Anakwenda bado, anasema, anakaa karibu na mama, anamwelekeza shemeji yake la kufanya. "Lakini mtoto akikaa vibaya, tunakimbiza hospitali. Zamani ningemgeuza." Alisema hivyo kama anavyosema mtu kuhusu shamba alilouza.

Nikasema nisamehe, Mama Achieng'. Mara hii niliona nina haki ya kusema.

Akafikiri. "Ulisema mbele yao," akajibu. "Hiyo nimesikia." Akafunga leso yake kichwani, akamwambia dada yake waende kabla mvua haijaongezeka.

Hakusema amenisamehe. Nimekaa na hilo jioni yote. Sioni kosa lake.

Jumatano, 9 Aprili

Rose amechukua baiskeli. Nimeipima kwa mkono wake. Hakunishukuru, na alijaribu breki mara tatu kabla ya kupanda. Ni vizuri.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Pancha moja tu. Gati amenunua mbegu za mtama. Robi ana mafua.

Saa nne Penina amepita kwa miguu, viatu mkononi, anatoka kumtazama mama aliyejifungua upande wa soko. Alinisalimu yeye kwanza, kutoka ng'ambo ya barabara. Nikaitikia. Nilitaka kumwambia angoje mvua ipungue, kuna benchi, kuna chai. Alikuwa ameshapita.

Hadi kwake ni kilomita kumi na moja. Nilisimama mlangoni mpaka nikaacha kumwona.